Madaraja ya Bibi Saveta

Kila Septemba Ruxandra Cojoc alilianza somo lake kwa kiti kibovu. Alikitoa stoo ya shule, kiti cha miguu mitatu, akakiegemeza ubaoni na kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaona nini. Waliosema takataka aliwapita. Waliosema kuni aliwakubalia nusu. Aliyekuwa akimngoja ni yule atakayeuliza kiti ni cha nani, na ni nani hana pa kukaa. Akipatikana huyo, ndipo alipoandika ubaoni jina la somo, ujasiriamali jamii, na chini yake sentensi ambayo wanafunzi wake wa zamani walimkumbusha wakikutana naye sokoni, huku wakicheka: Kilicholala huoza.

Mwaka ule aliyeuliza alikuwa Iasmina, binti mkimya wa kijiji cha Poiana Corbului, aliyekuja mjini kila siku kwa basi la alfajiri. Kabla ya Oktoba kwisha darasa lilikuwa na kampuni. Iliitwa Kasha. Bibi vizee wa vijiji vya bonde lile walikuwa na makasha yaliyojaa vitambaa vya kitani walivyofuma ujanani, vyenye nakshi nyekundu na nyeusi nchani, na hawakuwa na kuni za majira ya baridi. Watu wa miji mikubwa walikuwa na joto la mabomba na kiu ya vitu vya kale. Kampuni ingechukua vitambaa, ivikate kuwa foronya za mito ya makochi, iviuze, na faida yote igeuke kuni mlangoni kwa bibi. Ruxandra aliupitia mpango ule mara nyingi akitafuta ufa, na kwenye karatasi haukuwa na ufa. Kuni zilifika. Februari darasa lilishinda mashindano ya mkoa, na fainali ikapangwa mwezi Mei, Bucharest, mji mkuu.

Machi, theluji ikiwa bado imekaa kwenye vivuli vya kuta, Iasmina alimsubiri nje ya chumba cha walimu.

"Mwalimu, natafuta uzi wa kitani. Unajua unakouzwa?"

"Wa nini?"

"Si wangu. Ni wa Bibi Saveta. Amesimamisha tena kitanda cha mfumi, kimejaa chumba kizima. Anapika akiwa amejibana ukutani."

"Anafuma? Kwa macho yale?"

"Kwa vidole. Anasema akiba yake imetoka, lazima airudishe kabla hajaenda."

Horia alikuwa akipita na mkate mdomoni. Ndiye aliyekuwa msemaji wa kampuni, kijana ambaye angeweza kumuuzia samaki maji. "Aende wapi?" alisema. "Bibi yule hajafika hata kituo cha basi tangu nizaliwe."

Iasmina hakucheka. Ruxandra naye hakucheka, kwa kuwa alijua Bibi Saveta alikuwa anajitayarisha kwenda wapi, na alijua akiba ile ilitoka kwa mkono wa nani.

Katika bonde lile maiti haipelekwi makaburini hivi hivi. Penye njia panda, penye kisima, penye kijito, kitambaa hutandikwa barabarani mbele ya jeneza, sarafu juu yake na mshumaa pembeni, na msafara hupita juu yake. Huitwa madaraja. Roho ikipanda ina forodha nyingi za kupita angani, na pasipo na njia itakanyaga kile ilichojifumia ikiwa hai. Kwa hiyo mwanamke wa pale, watoto wake wakishakua, hufuma madaraja yake, huyafunga kwenye shuka jeupe pamoja na nguo atakayozikwa nayo, na huyaweka chini kabisa ya kasha. Hayaguswi. Hata mwizi, watu husema, huacha fungu la chini. Ruxandra hakuamini habari za forodha za angani. Aliamini kwamba Bibi Saveta anaziamini, na hilo kwake lilikuwa jambo la hakika, sawa na bei ya kuni.

Aliikumbuka vizuri siku ya Oktoba walipokwenda kwake. Bibi aliwapa ugali wa mahindi ya njano na jibini ya kondoo, akamkaripia Horia kwa kuacha nusu sahani ("Umekonda hivyo, upepo ukija utakukuta wapi?"), kisha akafungua kasha. Vitambaa vya juu vilikuwa vimetobolewa na nondo, na vile vizuri vya katikati wachuuzi walikwisha kuvibeba miaka ya nyuma. Chini kulikuwa na fungu jeupe. Kwenye pembe moja fundo lilikuwa limelegea kidogo na nakshi nyekundu ilichungulia, iliyofumwa kwa ufundi ambao Ruxandra hakuwa ameuona katika bonde zima.

"Na hivyo vya chini, Bibi?"

"Hivyo vimewekwa," alisema Bibi Saveta.

Bibi yake mwenyewe Ruxandra alilitumia neno hilo hilo, kwa sauti hiyo hiyo, mkono juu ya kifuniko. Alilielewa papo hapo. Kulikuwa na kitambo, si kirefu, ambacho ndani yake angeweza kusema asante na kufunga kasha. Alifikiria meza ya maonyesho, na mikono ya majaji ikipapasa nakshi ile.

"Vikikaa humo nondo watavila," alisema. "Shule inavihitaji, Bibi."

Bibi Saveta alimtazama, akawatazama wanafunzi waliosimama nyuma ya mwalimu wao, kisha akainama na kufungua fundo.

Katika gari, wakirudi, Iasmina aliuliza kutoka kiti cha nyuma: "Mwalimu, vimewekwa maana yake nini?"

"Maana yake vimetunzwa vizuri," Ruxandra alijibu.

Wiki iliyofuata alimkabidhi mkasi, kwa sababu Iasmina ndiye aliyekuwa na mkono uliotulia kuliko wote, na mama yake alikuwa na cherehani.

*

Uzi ulipatikana Suceava, kwa mzee aliyekuwa akifunga duka. Ruxandra aliununua wote na kuupeleka mwenyewe Jumamosi, peke yake.

Kitanda cha mfumi kilikuwa kikubwa kuliko kitanda cha kulalia. Bibi Saveta alikaa ndani yake kama mtu aliye nyuma ya meza ya posta, miguu kwenye kanyagio, shali mabegani. Kitambaa kilichoanza kutokea kilikuwa na nakshi iliyopinda upande mmoja. Kuni zilizopangwa vizuri zilifika nusu ya dirisha.

"Kuni zenu nzuri," alisema kabla ya salamu kwisha. "Zimekauka. Hazitoi moshi."

"Bibi, nimeleta uzi."

"Weka pale. Kaa, usisimame kama karani wa kodi."

Ruxandra alikaa. Alikuwa ametayarisha maneno njiani, na sasa yote yalionekana kama hotuba ya mashindano. Akasema tu: "Nilijua ni fungu gani lile, Bibi. Nilijua, nikaliomba."

Bibi Saveta alipitisha kijiti cha uzi kutoka mkono huu hadi ule. "Najua ulijua. Wewe ni mjukuu wa Casandra wa kinu. Ungekosaje kujua?"

"Mbona hukunikatalia?"

"Ungekubali?"

Ruxandra aliutazama uzi aliouleta.

"Mwanangu, nimeishi sana," alisema Bibi Saveta. "Shule imekuwa ikinijia mlangoni tangu niolewe. Wakati ule wa utawala ule mwingine, wa Wakomunisti, mwalimu alikuja na watoto nyuma yake, kama ulivyokuja. Mara chupa tupu. Mara vyuma chakavu. Mara maua ya chamomile, yale ya chai, yaliyokaushwa, kilo kadhaa kila nyumba. Mwaka mmoja wakataka sufu, nikafumua sweta la marehemu mume wangu. Shule ikisema inahitaji, unatoa. Ukibisha, anayeumia ni mtoto wako darasani. Sasa mimi sina mtoto darasani, lakini mkono ulikwisha kuzoea."

"Sisi si kama wale."

"Ninyi mmeleta kuni. Wale hawakuleta kitu." Alisema hivyo bila kejeli, kama anayetoa hesabu ya haki kwa pande zote mbili.

Ruxandra alimweleza foronya zilivyo: kila kitambaa kimekatwa vipande, vikashonwa. Nzuri zaidi hazijauzwa, zimehifadhiwa kwa ajili ya fainali. Zinaweza kufumuliwa. Vipande vinaweza kuunganishwa tena, kuna fundi hodari mjini, mshono hautaonekana.

"Daraja lenye kiraka?" Bibi Saveta alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuliko kicheko. "Nifike katikati niangukie kwa Paraschiva, jirani yangu, kwenye banda la kuku? Hapana. Acha nifume. Daktari amesema moyo. Mimi nasema Mei au Juni. Tutaona nani kasoma."

*

Jumatatu Ruxandra aliliambia darasa. Hakusema yote. Alisema kampuni ilichukua kitu ambacho haikupaswa kukichukua, akaeleza madaraja ni nini, kwa kuwa nusu yao walikuwa watoto wa mjini waliozika babu zao kwa gari la kampuni ya mazishi. Hakusema kwamba yeye alijua.

Kisha Horia akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hii si ndiyo hadithi yetu ya fainali?"

"Hadithi gani?"

"Tulikosea. Tukagundua. Tunarekebisha. Tunamsaidia bibi kufuma upya, zamu kwa zamu, tunapiga picha mikono ya vijana na mkono wa mzee kwenye uzi mmoja. Kila kampuni itakuja na mafanikio tu. Sisi tutakuja na kosa." Aliwageukia wenzake. "Mwalimu mwenyewe alitufundisha: kosa ni mali ukijua kulitumia. Au nimedanganya?"

Hakuwa amedanganya. Yalikuwa maneno yake, yametamkwa vizuri, na kijana aliyeyatamka hakuwa mbaya. Ruxandra alihisi kitu alichokitambua kwa aibu: aliona picha ile, mikono juu ya uzi, na akajua kwamba majaji wangeipenda. Angepaswa kusema hapana. Alisema, "Tutaona," na kengele ikalia. Neno "tutaona" la mwalimu, wanafunzi wote wanajua, ni ndiyo iliyovaa koti.

Kwa hiyo wiki zile Horia na wengine wawili walikwenda Poiana Corbului na kamera. Bibi Saveta aliwapa ugali. Walimwomba aweke kitambaa kingine kichwani, chenye rangi, akaweka. Walimwomba arudie kupitisha uzi, polepole, akarudia. Mkuu wa shule, Bwana Gliga, aliziona picha akafurahi. Tayari alikuwa ameondoa chungu cha maua katika kabati la vioo ili kombe lipate nafasi.

Iasmina hakuonekana kwenye picha hata moja. Alikuwa huko kila jioni, baada ya kamera kuondoka, akimsaidia bibi kutandaza uzi na kumwelekeza rangi, kwa kuwa nyekundu na nyeusi sasa kwa bibi zilikuwa kitu kimoja. Hakuhudhuria tena vikao vya kampuni. Ruxandra alipomwita kumuuliza, binti alisimama mbele ya meza, begi bado mgongoni.

"Ameniambia," alisema.

"Amekuambia nini?"

"Sikumuuliza ili kukuchongea, Mwalimu. Nilimuuliza maana ya vimewekwa. Akashangaa. Akasema, mwalimu wako hakukwambia? Yeye anajua tangu akiwa na meno ya maziwa."

Ruxandra aliufunga mlango wa chumba. "Ni kweli. Nilijua."

"Ukanipa mkasi mimi."

"Nilikupa."

"Ungekata mwenyewe." Iasmina hakupandisha sauti. "Nilikuwa nikikata napiga mluzi. Nilifikiri nafanya kitu chema. Sasa nikikaa pale kwake navitazama vidole vyangu."

Ruxandra alikuwa mwalimu kwa miaka mingi na alijua namna nyingi za kumjibu mwanafunzi. Akatafuta moja iliyo kweli, akapata fupi. "Kosa si la vidole vyako."

"Najua si langu," alisema Iasmina. "Lakini viko mikononi mwangu." Akaomba ruhusa kwenda, basi lisije likamwacha.

*

Wiki ya mwisho ya Aprili Bibi Saveta alianguka kati ya jiko na kitanda cha mfumi. Hakukubali kupelekwa hospitali. Alilala akielekea kitambaa, na kitambaa hakikusogea tena. Madaraja yaliyokamilika hayakufika hata nusu ya yaliyokuwa katika fungu la awali, na moja lilikuwa bado limefungwa kwenye kitanda, mfumo wake ukiishia katikati ya ua la nakshi.

Ruxandra alikwenda kwa mama yake, Eugenia, aliyekaa ghorofa ya nne nyuma ya soko. Mama alikuwa akimenya viazi. Alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa. Sehemu kubwa alikwisha kuisikia sokoni.

"Mama, wewe unayo madaraja. Ya kwako na ya Bibi Casandra aliyobakiza. Ningeomba machache. Nitafuma mengine, nitalipa wafumaji, nitafanya utakavyo."

Eugenia aliweka kisu mezani. "Niombe kama ulivyomwomba yule."

"Mama."

"Sema. Shule inavihitaji. Sema nisikie inavyosikika."

Ruxandra alitazama maganda ya viazi.

"Yangu yamewekwa," alisema mama yake, na akaokota kisu. "Umeona? Si neno gumu. Ni kwamba mimi nimekuzaa, siwezi kukuogopa. Chukua viazi, kaa tule."

Walikula. Ruxandra alirudi kwake kwa miguu na hakumlaumu mama yake kwa lolote. Alikuwa amesikia jinsi hapana inavyosikika kwa mtu mwenye uwezo wa kuisema, na akajua kwamba Oktoba alikuwa amekwenda kwa mtu asiyekuwa nao kwa sababu hiyo hasa, ingawa hakujiambia hivyo wakati ule.

Bibi Saveta alifariki Alhamisi. Fainali ilikuwa Jumamosi. Mazishi yalikuwa Jumamosi.

Ijumaa mchana masanduku ya maonyesho yalikuwa tayari ukumbini, yamefungwa kwa gundi ya karatasi. Ruxandra aliingia na kisu kidogo, akafungua sanduku kubwa, akaanza kutoa foronya na kuzipanga kwenye mfuko. Horia alimkuta anatoa ya mwisho.

"Mwalimu, hizo ndizo bidhaa."

"Ndizo."

"Na tukifika kule tutaonyesha nini? Meza?"

"Waonyesheni meza."

Horia alicheka, kisha akaona kuwa hakukuwa na mzaha. "Na picha za Bibi? Picha tunazo. Sasa hivi zina nguvu zaidi, maana..." Akaacha hapo.

"Malizia," alisema Ruxandra.

"Hapana, Mwalimu. Nimesikia mwenyewe."

"Nilikuambia tutaona. Nilipaswa kukuambia hapana siku ile ile, usingelipa gharama yoyote. Picha zile hazitaonyeshwa. Hilo kosa ni langu, mwambie hivyo Bwana Gliga, na kama unataka kusimama kule uwaeleze majaji kampuni ilivyofanya kazi, nenda; umefanya kazi kwa haki. Mimi siendi."

Kijana alisimama akitazama sanduku tupu. "Kilicholala huoza," alisema mwishowe, si kwa kejeli kabisa. "Na kombe letu umelilaza wewe." Lakini alimshikia mlango, mfuko ulikuwa mkubwa.

Bwana Gliga alisema mengi zaidi, kwa sauti kubwa zaidi, na kwa upande wake alikuwa na hoja. Ruxandra alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda nyumbani kwa akina Iasmina, Poiana Corbului, akabisha.

Mama wa Iasmina alimpa stuli. Iasmina alitazama mfuko, akaenda ndani, akarudi na nyembe mbili. Mmoja akauweka mbele ya mwalimu wake. Walifumua mshono baada ya mshono. Mshono wa Iasmina ulikuwa imara, ulikataa kutoka.

*

Mvua ilinyesha Jumamosi asubuhi ikaacha njia na tope. Wanaume walibeba jeneza kwa miti mabegani. Neculai, mtoto wa Bibi Saveta, alikuwa amefika kutoka Hispania usiku ule ule, akitembea nyuma ya jeneza kwa viatu vya mjini, na kila mtu aliyempa mkono alionekana kama anamkumbuka nusu.

Kazi ya kutandika ilikuwa ya Paraschiva, jirani. Kwenye njia panda ya kwanza alitandika daraja la kwanza ambalo Bibi Saveta alilifuma Machi. Nakshi ilikuwa imepinda, lakini lilikuwa zima. Padri alipita juu yake, kisha wabebaji, kisha wengine. Kisimani likatandikwa la pili. Yalipokwisha yale machache, Paraschiva alitoa lile lililokatwa kutoka kitanda cha mfumi, ua lake nusu, nyuzi zikining'inia. Akalilaza mbele ya duka la vinywaji, na watu wakapita. Baada ya hapo akatoa taulo za dukani, mpya, moja ya samawati na moja yenye picha ya pomboo wawili wakiruka. Siku hizi taulo za dukani si ajabu, hata kwa watu ambao fungu lao halikuguswa na mtu.

Kijito cha makaburini ndicho cha mwisho. Paraschiva aliingiza mkono kwenye kikapu, akaona ni kitupu, akatazama huku na huku. Ruxandra alikuwa tayari amesimama pale, na Iasmina kando yake, mfuko ukiwa wazi.

"Hivyo ni nini?"

"Vyake," alisema Ruxandra. "Vya fungu la kwanza. Vimekatwa."

Paraschiva alishika kipande, akakigeuza, akaona matundu ya sindano. "Alisema hataki chenye kiraka. Alinicheka na kuku wangu."

"Havijaungwa. Tumevifumua tu. Kila kimoja kitakaa peke yake."

Jeneza lilikuwa linakaribia, na msafara wa maiti hausimamishwi ili watu washauriane. Paraschiva akapumua kwa pua. "Tandikeni basi. Karibu karibu, asilazimike kuruka."

Walipiga magoti kwenye tope, mwalimu upande huu, mwanafunzi upande ule, wakalaza vipande kimoja baada ya kingine kuvuka ubao uliolazwa juu ya kijito, nakshi nyekundu ikikatika na kuendelea, ikikatika na kuendelea. Iasmina aliviweka kama mtu anayepanga vigae, akisukuma pembe moja hadi iguse nyingine. Ruxandra aliweka sarafu. Walisogea kando. Padri alitazama chini, akapunguza hatua, akapita. Wabebaji walipita. Kipande kimoja kiling'ang'ania kiatu cha mmoja wao kwa hatua mbili kisha kikaanguka kwenye majani, na Iasmina akakirudisha mahali pake kabla Neculai hajafika.

Makaburini walikula ngano iliyopikwa kwa sukari na kokwa za jozi. Simu ya Ruxandra ilitikisika mfukoni, ikaacha, ikatikisika tena. Hakuitoa.

Kilichotandikwa hakirudi nyumbani kwa marehemu. Huokotwa na kutolewa kwa jina lake, na Paraschiva alikuwa anagawa: la kwanza kwa mwanamke mwenye watoto wengi, la pili kwa mchimba kaburi, lile la ua nusu kwa Iasmina, aliyelipokea na kulikumbatia jinsi lilivyo, na tope lake. Taulo ya pomboo ilikwenda kwa mzee mlevi aliyekaa langoni, akaifunga shingoni kwa heshima. Kisha Paraschiva akasogea mbele ya Ruxandra. Mikononi alikuwa na vipande vyote vya kijitoni, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vinachuruzika maji, na mshumaa juu yake.

"Kwa roho ya Saveta," alisema.

"Mama Paraschiva, mimi siwezi kupokea hivi."

"Kwa roho ya Saveta," Paraschiva alirudia, kwa sauti ile ile, na hakurudisha mikono.

Watu walikuwa wamegeuka kutazama. Kitolewacho kwa ajili ya maiti hakikataliwi. Anayekataa anamrudisha marehemu njiani. Ruxandra alijua hilo kama alivyojua yale mengine yote, tangu akiwa na meno ya maziwa. Alimtafuta Iasmina kwa macho. Iasmina alikuwa anamtazama, anasubiri, kama darasani mtu anapongoja jibu ambalo tayari analo.

"Mungu amrehemu," alisema Ruxandra, na akanyoosha mikono.